Shahada na Shahidi

Lugha ya Kiswahili ina maneno mawili yaliyozaliwa na mzazi mmoja, nayo ni shahada na shahidi. Yote mawili yametokana na Kiarabu, na shina lake ni tendo la kuona jambo na kulithibitisha. Mwislamu atamkapo shahada hutoa ushuhuda wa imani yake. Mtu asimamaye mahakamani kueleza aliyoyaona huitwa shahidi. Na chuo kikuu kimtunukiapo mwanafunzi shahada hutangaza mbele ya walimwengu kwamba kimemwona, kimempima, na kimeridhika naye. Basi karatasi ile yenye muhuri ni kauli ya shahidi iliyotiwa katika maandishi. Kauli ikiaminiwa, milango hufunguka. Ikitiliwa shaka, mwenye karatasi hubaki kizingitini akiwa na haki yake mkononi. Aghalabu wanaoijua shaka hiyo kwa undani ni watu waliopata shahada ya kwanza mbali na darasa, kisha wakaitamani ya uzamili.

Mmoja wao alikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari wilayani Newala, juu ya uwanda wa Wamakonde. Alikuwa na stashahada ya ualimu, mke, watoto wanne, na shamba dogo la mikorosho. Mwaka 2009, akiwa na umri wa miaka 35, alijiandikisha katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chuo kilichoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994. Kwa miaka sita alifundisha mchana na kusoma usiku. Vitabu vya kozi vilikaa juu ya meza moja na madaftari ya wanafunzi wake, na mara nyingi alisahihisha makosa ya wengine kwanza ndipo akageukia yake. Mitihani ilimpeleka Mtwara, safari ya zaidi ya kilomita 100 katika barabara ya vumbi, akalala kwa ndugu na kurudi kazini bila ya kupumzika. Fedha ya korosho iliyotazamiwa kuezeka nyumba ililipa ada. Mkewe hakulalamika, lakini mvua zilipoanza alipanga masufuria chini ya paa linalovuja pasipo kusema neno, na kimya chake kilikuwa deni kubwa kuliko ada.

Mwaka 2015 alihitimu kwa wastani wa 3.6 kati ya 5, yaani daraja la pili la juu. Vyuo vingi vya nchi hudai wastani usiopungua 2.7 kwa mtu aombaye kusoma uzamili. Kwa hiyo alipopeleka maombi yake katika chuo kikuu kimoja mwaka uliofuata, hakuona sababu ya kuwa na hofu. Kijana aliyepokea fomu dirishani alimwamkia kwa adabu, kisha akaitazama karatasi kwa muda mrefu.

"Mwalimu, shahada hii ni ya Chuo Huria?"

"Ndiyo."

"Ile ya kusomea nyumbani?"

"Nilisomea nyumbani, mwanangu, lakini mtihani niliufanya mbele ya msimamizi."

"Sikusema kwa ubaya, Mwalimu. Ila wakubwa watauliza."

Swali la kijana yule lina umri mkubwa kuliko chuo alichokifanyia kazi. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kilipata hati mpya iliyofungua mitihani yake, isipokuwa ya utabibu, kwa mtu yeyote, awe amesoma chuoni, nyumbani au mahali pengine popote. Toka hapo makarani, walimu wa vijijini na watu wa makoloni ya mbali walifanya mitihani ya London pasipo kuuona mto Thames. Mwaka 1878 chuo hicho kikawa cha kwanza katika Uingereza kuwaruhusu wanawake kupata shahada zake. Afrika Mashariki nayo ilikunywa katika kisima hicho. Kuanzia mwaka 1949 wanafunzi wa Makerere walisomea shahada za London kwa mapatano maalumu, na chuo kikuu kishiriki kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, kikianza na masomo ya sheria, nacho kilikuwa chini ya London. Ni kweli kwamba vijana hao walifundishwa darasani. Lakini chuo kilichotia muhuri karatasi zao kilikuwa ng'ambo ya bahari. Wasomi wa mwanzo wa nchi hizi walipewa ushahidi na chuo cha mbali, na hakuna aliyewaambia kwamba elimu yao ilikuwa pungufu kwa sababu ya umbali.

Nelson Mandela ni mfano mwingine. Baada ya kuondoka Fort Hare bila ya kuhitimu, alifanya kazi ya ukarani katika ofisi ya mawakili mjini Johannesburg, akasoma usiku kwa njia ya posta, na akapata shahada yake ya kwanza kupitia Chuo Kikuu cha Afrika Kusini. Mwaka 1943 aliingia Chuo Kikuu cha Witwatersrand kusoma sheria. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba kazi ile ya ukarani aliipata kwa sababu Walter Sisulu alimpeleka kwa wakili Lazar Sidelsky na kumsemea. Kijana mwenye bidii alihitaji mtu wa kusimama kando yake na kusema, huyu namjua. Hata huko Witwatersrand hakufaulu kumaliza. Shahada ya sheria aliipata mwaka 1989, akiwa bado kifungoni, na chuo kilichomtunukia ni kile kile kilichomfundisha kwa posta.

Kwa mifano hii ni rahisi kuwalaumu wadahili wote kuwa ni watu wa kiburi, na lawama hiyo ingekuwa tamu masikioni mwa wengi. Walakini haki hutaka pande zote zisikizwe. Zipo duniani nyumba za biashara zijiitazo vyuo vikuu ambazo huuza vyeti kama viuzwavyo vitambaa, na mdahili asiyetofautisha cheti cha mtihani na cheti cha duka atakifisha chuo chake. Shaka hiyo ina dawa yake: vyuo halali vina ithibati, na katika Tanzania Tume ya Vyuo Vikuu ndiyo mwamuzi. Shaka ya pili ni nzito zaidi, kwa maana haiondolewi na muhuri. Mwanafunzi wa darasani huonwa. Mwalimu humsikia akiuliza, humwona akishindana na wenzake, hujua siku aliyokosea na namna alivyosimama tena. Mwanafunzi wa mbali huacha nyuma yake karatasi za majibu tu. Amejifunza bila ya shahidi. Waanzilishi wa Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichopata hati yake mwaka 1969 na kuanza kufundisha mwaka 1971, waliutambua upungufu huu mapema. Ndiyo maana waliwaita wanafunzi wao wakati wa kiangazi wakae pamoja na walimu kwa siku chache.

Upungufu huo ndio uliomwangusha mwalimu wa Newala. Fomu ilitaka barua mbili za wadhamini, naye alileta moja kutoka kwa mkuu wa shule yake na nyingine kutoka kwa afisa elimu. Zote zilimsifu. Zilisema kwamba ni mwaminifu, hachelewi kazini, na hupendwa na wanafunzi. Hakuna iliyosema kama anaweza kufanya utafiti, kwa kuwa waandishi wake hawakupata kumwona akiufanya. Baada ya miezi minne jibu lilikuja, nalo lilikuwa fupi: uwezo wake wa kitaaluma haukuthibitishwa. Aliisoma barua ile mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya madaftari, akaenda darasani kufundisha ngeli.

Watu wengi huishia hapo. Yeye alikumbuka kwamba katika mwaka wake wa mwisho aliandika utafiti juu ya vitendawili, na kwamba msimamizi wake, mhadhiri aliyekuwa Dar es Salaam, alimwongoza kwa barua na simu na kuonana naye mara moja tu, muda usiotimia saa moja. Likizo ilipofika alipanda basi, daftari lake la vitendawili likiwa ndani ya mkoba, vitendawili 140 alivyovikusanya kwa wazee wa uwandani. Alikwenda kuomba barua, akapewa mtihani. Mhadhiri alilifungua daftari, akamwuliza kwa nini kitendawili kile kile hupata jibu moja pwani na jingine bara, na ubishi wao ukadumu hata adhuhuri. Mwalimu alishindwa katika hoja mbili na akashinda katika ya tatu.

Barua iliyoandikwa baada ya asubuhi ile haikumsifu tabia hata kidogo. Ilieleza jinsi alivyokusanya habari zake, hoja gani alizitetea na zipi alizikiri kuwa dhaifu, na kitu gani angehitaji kufundishwa. Mwalimu aliiambatisha na nakala ya utafiti wake, akapeleka maombi upya mwaka 2017, katika chuo kile kile. Safari hii aliitwa kwenye usaili, na wajumbe waliokuwa wamesoma maandishi yake hawakumwuliza alisomea wapi. Walimwuliza juu ya vitendawili.

Alipoingia, semina zilimtesa. Vijana waliotoka darasani walikatizana maneno bila ya kuoneana haya, naye hakuwa na mazoea ya kuwaza mbele ya watu. Mara nyingi jibu zuri lilimjia baada ya mlango kufungwa. Lakini wakati wa tasnifu hali iligeuka. Wenzake waliokwisha zoea ratiba na kengele walipotea katika upweke wa kuandika, na wengine waliacha. Kwake yeye upweke ule ulikuwa nyumba aliyoishi miaka sita. Alimaliza kwa wakati, na mwaka uliofuata nyumba yake ikaezekwa.

Katika mambo haya lipo fundisho kwa pande mbili. Mwanafunzi asomaye mbali asingoje siku ya kujaza fomu ndipo atafute wa kumsemea. Toka mwaka wa kwanza na ahudhurie kila kikao cha ana kwa ana kinachoitishwa, aulize kwa sauti, amwandikie mwalimu mwenye kusahihisha kazi yake, na ahifadhi maandishi yake bora kama mkulima ahifadhivyo mbegu. Vyuo navyo vina wajibu wao. Fomu idaiyo mwalimu aliyekufundisha darasani humwadhibu mtu kwa umbali alioupitia, ilhali utafiti wake upo tayari kusomwa. Kuusoma huchukua saa mbili au tatu. Mdahili atoaye saa hizo huweza naye kushuhudia, na mtu aliyejifunza peke yake usiku akawa amepata shahidi.