Betri Chini ya Kitanda: Aibu Niliyoipata Kwenye Mkutano wa Kijiji

Wengi mmezoea nikiandika kuhusu vitunguu, viwavi na zamu za maji. Leo naandika kuhusu betri. Nimeona niandike kwa sababu mwaka huu kijiji kimoja katika kata yetu ya Baray kilikaa kubishana juu ya betri hizi, mimi nikiwa mtaalamu niliyeitwa kuelimisha, na nikatoka pale nimeelimishwa.

Chanzo kilikuwa kibanda cha kuchajia simu, kando ya njia ya kwenda mnadani. Mwenye kibanda ni mama mmoja anayeuza pia vocha na sabuni. Alikuwa na betri mbili za lori zilizounganishwa na paneli ya sola, ziko chini ya meza, na meza imefunikwa kitenge ili pasiingie vumbi. Siku moja mchana wa jua kali kijana wake alibana koleo kwenye kichwa cha betri huku betri inachaji. Cheche ikaruka, betri ikapasuka. Asidi ikamrukia mkononi na usoni. Aliyemwokoa ni muuza chai wa jirani, ambaye hakuuliza swali, alichukua ndoo ya maji na kummwagia uso mzima, ikaisha akaleta nyingine. Kijana anaona hadi leo. Mkononi ana kovu.

Baada ya hapo Halmashauri ya Kijiji ikaleta rasimu ya sheria ndogo. Ilikuwa fupi: ni marufuku kuchaji betri eneo la soko, na ni marufuku kuweka betri ndani ya nyumba ya kulala watu. Atakayekiuka atalipa faini. Mtendaji akaniomba nije Mkutano Mkuu wa Kijiji nieleze hatari.

Nilijiandaa vizuri. Nikaeleza kwamba betri ya maji ikichaji hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo haina harufu wala rangi, na ikifika asilimia 4 tu ya hewa ya chumba, cheche ndogo inatosha kuilipua. Nikaeleza asidi inavyochoma. Watu wakatikisa vichwa. Nikaona nimemaliza kazi.

Ndipo yule mama wa kibanda akasimama. Akasema kwa upole, "Bwana Shamba, shikamoo ya kazi. Nimekusikia. Naomba tu kuuliza, betri ya kwako umeiweka wapi?"

Fundi aliyenifungia sola nyumbani alikuwa amekaa mstari wa pili. Akaanza kucheka, na wenzake wakacheka kabla hawajajua kwa nini.

Ndugu msomaji, betri yangu ilikuwa chumbani kwa watoto, chini ya kitanda. Niliiweka pale kwa sababu waya ulifika pale. Pembeni kulikuwa na mfuko wa mbolea uliobaki, na dumu la petroli ya pampu. Dirisha la chumba kile hufungwa usiku kwa sababu ya mbu. Miaka miwili wanangu wamelala juu ya kitu nilichokuwa nawaonya watu wazima wasikisogelee. Nikajibu ukweli, kwa kuwa fundi alikuwa pale, na hata asingekuwepo ningepaswa kujibu hivyo.

Mama akaendelea, "Basi hata wewe hukuwa na pa kuiweka. Mimi nikifunga kibanda, ada ya watoto inatoka wapi? Na watu wa mashambani watachaji simu wapi?"

Hapo mkutano ukaanza kuwa mkutano wa kweli. Mzee mmoja alisema sheria ya kukataza kila kitu ni sawa na hakuna sheria, maana nyumba nyingi zisizo na umeme wa gridi zina betri na nyingi ni za chumba kimoja au viwili. Mgambo ataingia vyumba vingapi? Mfanyabiashara wa duka la pembejeo akasema yeye anataka sheria iwe kali, kwa sababu duka lake limepakana na kibanda na likiungua hakuna wa kumlipa. Wote wawili walikuwa na hoja.

Kijana mmoja akasema mabishano haya ni ya watu maskini, wenzetu walioendelea walishayamaliza. Nikamwambia hapana. Tarehe 16 Januari 2025, huko Moss Landing, California, Marekani, kituo kikubwa cha kuhifadhi umeme kwa betri za lithiamu kiliwaka moto, na watu zaidi ya elfu moja wakaambiwa wahame nyumba zao kwa muda. Baada ya hapo viongozi wa maeneo yale walikaa wakiuliza yale yale tuliyokuwa tunauliza chini ya mti: betri ziwe umbali gani na makazi ya watu, nani asimamie, na zikiwaka tufanye nini. Wao ni kituo kizima, sisi ni kibanda, lakini swali ni moja.

Kilichotusaidia ni maji. Mwenyekiti alikumbusha kwamba zamu za maji ya mfereji zinafuatwa kwa sababu watumiaji wenyewe walikaa wakazipanga, na kila mtu anajua jirani yake anamwangalia. Akasema hata hili tulipange hivyo hivyo. Rasimu ikarudishwa, na kamati ndogo ikateuliwa: mama wa kibanda, fundi, mwenye duka la pembejeo, mzee yule, na mimi kama mshauri. Tulikaa mara tatu. Nawaandikia tuliyokubaliana, maana yanafaa kijiji chochote.

Kwanza, mahali. Betri inayochaji isiwe chumba cha kulala. Kama nyumba ni ndogo, mjengee kiboksi cha tofali au mbao nje ya ukuta, chini ya paa, kivulini, chenye kufuli. Kiboksi kiwe na matundu juu na chini. Wengi wanaacha tundu la chini tu. Haidrojeni ni nyepesi, inapanda, kwa hiyo tundu la juu ndilo linaloitoa. Mvuke wa petroli ni mzito, unakaa chini. Ukiweka vyote chumba kimoja umejaza hatari juu na chini.

Pili, majirani wa betri. Petroli, mkaa unaowaka, mbolea na viuatilifu visikae na betri. Fundi alionyesha pia kwamba koleo au spana ikianguka juu ya vichwa vya betri inaunganisha umeme na kuwa nyekundu kama chuma cha mhunzi. Funika vichwa, na weka fyuzi kwenye waya karibu na betri.

Tatu, kubana na kubandua. Zima chaja au tenganisha paneli kwanza, ngoja kidogo, ndipo ushike koleo. Kijana wetu aliumia kwa sababu ya kuruka hatua hiyo moja. Betri ikipungua, ongeza maji safi ya betri, usiongeze asidi.

Nne, huduma ya kwanza. Kila kibanda kiwe na ndoo mbili za maji safi muda wote. Asidi ikimfikia mtu, mmwagie maji mengi kwa dakika 20 bila kukatisha, kisha apelekwe zahanati. Asidi iliyomwagika sakafuni inauliwa kwa magadi, na sisi wa bonde la Eyasi magadi hatuyanunui mbali. Ila magadi ni ya sakafu tu, usimpake mtu, na hasa machoni.

Tano, betri za lithiamu, zile za bomba la kupulizia na taa mpya. Hizi hazina maji, lakini zina hasira yake. Tumia chaja iliyokuja nayo. Usiichaji ikiwa bado ya moto kutoka juani. Usiiache ikichaji usiku watu wamelala. Ikivimba, usiitoboe wala kuichaji tena, itoe nje uiweke juu ya mchanga mbali na nyumba. Ikiwaka, toka na watu wako, maana moshi wake ni sumu.

Na kwa mkulima anayetaka pampu ya sola: kwa umwagiliaji wa kawaida huhitaji betri kabisa. Pampu nyingi za sola hufanya kazi moja kwa moja na paneli. Nunua tenki. Hifadhi maji, usihifadhi umeme. Hapo umeokoa pesa na umepunguza hatari.

Jambo moja halikupita, na ndilo linaloniuma. Kuna mtu kijijini anayenunua betri chakavu, anazivunja nyuma ya nyumba na kuyeyusha risasi ili kutengeneza vizito vya nyavu. Asidi anaimwaga korongoni. Tulipofika hapo akasema, "Mimi nafanya kazi hii miaka kumi, niangalieni, naumwa nini?" Watu wakanyamaza, wengine ni ndugu zake.

Nikawaeleza kisa cha Owino Uhuru, Mombasa, jirani zetu wa Kenya. Pale palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu katikati ya makazi. Mama mmoja aliyeajiriwa pale, Phyllis Omido, mtoto wake mchanga aliugua, na vipimo vikaonyesha ana risasi mwilini. Alianza kupigania jambo hilo, na kiwanda kikafungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamua wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kesi ikakatiwa rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikathibitisha fidia hiyo. Miaka yote hiyo watoto walikuwa wanakua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mwili, na mtoto ndiye anayeumia zaidi, kwenye ubongo. Mtu mzima anaweza asione kitu kwake huku mtoto wake anashindwa kusoma. Na wafugaji nao wajue, ng'ombe hupenda kulamba betri iliyovunjwa, na risasi humuua.

Hata hivyo mkutano uliahirisha kipengele hicho hadi kikao kijacho cha robo mwaka. Vingine vimepita, na vimepelekwa Halmashauri ya Wilaya, maana sheria ndogo ya kijiji haiwi sheria mpaka iidhinishwe huko. Wakati tunasubiri, watu wameanza kufuata kwa hiari. Mama wa kibanda amejenga kiboksi chake cha tofali nyuma ya kibanda, na ndoo zake mbili ziko mlangoni. Mwenye duka la pembejeo alichangia mfuko wa saruji.

Kuhusu kuyeyusha risasi, nimeacha kusema mbele ya mkutano. Nimekwenda kwa ndugu yule nyumbani mara mbili, tumekunywa chai. Mara ya pili mke wake aliniuliza kama watoto wanaweza kupimwa, na nikaahidi kumuuliza mganga wa zahanati atatuelekeza wapi. Kwa sasa amekubali asiyeyushe nyumbani, na betri nzima azihifadhi bila kuzivunja mpaka tumpate mnunuzi mwenye kibali. Nikichelewa kumpata, atarudi kwenye jiko lake, kwa sababu naye ana watu wa kulisha. Kazi hiyo iko kwangu.

Betri yangu iko nje sasa. Fundi aliihamisha Jumamosi ile ile na akakataa pesa, akasema nimeshalipa kwenye mkutano.

Leo jioni kabla hujalala, angalia yako iko wapi. Kama huna pa kuiweka, nipitie ofisini au nisimamishe njiani, tutafute pamoja. Tukutane shambani.