Mabao Matano ya Lusaka

Mufulira Wanderers ya Zambia walitufunga sisi Simba mabao manne bila majibu, tena wakatufungia nyumbani. Ilikuwa mwaka 1979, Klabu Bingwa Afrika, kwenye Uwanja wa Taifa ambao vijana wa leo wanaujua kwa jina la Uhuru. Bao la tatu lilipoingia jukwaa la mzunguko lilianza kupwaya. La nne lilipoingia, waliobaki ni sisi tulioishiwa nguvu za kunyanyuka, pamoja na wapenzi wa Yanga waliokuja kuwashangilia Wazambia. Njia nzima kutoka Chang'ombe hadi Ilala watani walitungoja vibarazani, vidole vinne juu. Wala hawakutamka neno.

Kilichouma zaidi ni kwamba timu ile haikuwa dhaifu. Simba ya miaka ile ilikuwa bingwa wa nchi kuanzia 1976 hadi 1980, mwaka hadi mwaka, hakuna aliyeipokonya kombe. Mabeki wake walikuwa watu wa kuogopwa. Daudi Salum tulimwita Bruce Lee, jina lililotoka kwenye sinema za karate zilizokuwa zimeiteka Dar es Salaam nzima, na kila winga aliyepangwa upande wake alijua siku yake itakuwa ndefu. Mohamed Kajole alikuwa na utulivu wa aina nyingine. Mpira ukimfikia yeye, sisi wa mzunguko tulikuwa tunapumua. Mohamed Bakari tulimwita Tall, na sababu yake ilionekana tangu timu inapoingia uwanjani. Mbele yao, Jumanne Hassan alikuwa Masimenti, na wapo waliomshangilia miaka mingi bila kujua kwamba ana jina la pili.

Majina hayo tuliyatoa sisi wenyewe, mitaani. Soka ilikuwa ya ridhaa, na mchezaji aliishi uswahilini kama sisi. Ulimkuta Kariakoo ananunua samaki, ukamsalimia, akakuuliza hali ya nyumbani. Akicheza vibaya Jumamosi, Jumapili alipita mbele ya baraza lile lile na wazee wakamwambia la moyoni, na yeye akasimama kuwasikiliza. Heshima ile ilikuwa ya pande mbili. Mimi nilikuwa kijana mdogo, nikisimama nyuma ya wazee, na nilijifunza adabu nyingi kwa kuwatazama wachezaji wakiambiwa makosa yao hadharani bila kununa.

Kabla ya Mufulira nilikuwa nimeshayaona makubwa. Tarehe 19 Julai 1977 tuliwafunga Yanga sita bila. Abdallah Kibadeni, mfupi, mwenye kifua cha mbele, alifunga matatu peke yake. Masimenti akafunga mawili, na moja Selemani Sanga wa Yanga alijifunga mwenyewe. Nisiwaonee watani: Yanga ya siku ile ilikuwa imetoka kugawanyika, na wengi wa nyota wake walikuwa wameondoka kwenda kuunda Pan African. Hata hivyo Kibadeni wa jioni ile angeisumbua timu yoyote. Alikuwa na namna ya kuupokea mpira akiwa ameligeuzia goli mgongo, beki akamgandamiza akidhani amembana, kumbe yeye ndiye aliyekuwa akimsubiri beki amkaribie. Mguso mmoja tu, beki anabaki anatazama upande ambao Kibadeni hayupo tena. Tulimwita King, na sijasikia mtu wa Yanga aliyepinga jina hilo.

Sasa rudi 1979. Nchi ilikuwa vitani na Idi Amin, vijana wa mtaa wetu walikuwa mstari wa mbele, bidhaa zilikuwa zimeanza kuadimika dukani, na timu tuliyoitegemea itufurahishe ndiyo imekwenda Zambia ikiwa na deni la mabao manne. Hapakuwa na mtu mwenye akili timamu aliyetarajia kitu. Wanachama wengine waliomba tu tusiongezwe mengine manne.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa na redio moja, National ya betri, ya mwenye nyumba. Betri zilikuwa adimu, kwa hiyo mchana zilianikwa juu ya bati zipate nguvu kidogo, na zikishushwa zinakuwa za moto, unazirusha mkono kwa mkono mpaka zipoe. Jioni ile alizipachika, akafunga kifuniko kwa mpira wa baiskeli, tukasogea. Redio Tanzania iliposema matokeo ya Lusaka, Simba tano, Mufulira bila, baraza zima lilidhani mtangazaji amegeuza majina ya timu. Mzee mmoja alisema kwa uchungu, "Basi wametufunga tisa." Ilibidi tusikie majina ya wafungaji ndipo tuamini: Thuwein Ally matatu, George Kulagwa mawili. Tano kwa nne. Tumepita sisi.

Sijui nieleze vipi kilichofuata pale Ilala. Watu walitoka majumbani na chochote cha kupigwa, masufuria, madebe, vifuniko. Mwenye nyumba wetu, mtu mzito asiyecheka ovyo, alimnyanyua mkewe juu mbele ya wapangaji. Watani wale wale wa vidole vinne walikuja kutupa mkono, na wengine walitupongeza kwa dhati, kwa kuwa siku ile ushindi ulikuwa wa Tanzania. Wengi hawakulala mpaka alfajiri.

Mpaka leo namtaja Thuwein Ally kwa heshima ya pekee. Kufunga matatu ugenini ni jambo kubwa kwa mchezaji yeyote. Kuyafunga mbele ya timu ambayo wiki chache tu nyuma imekudhalilisha kwenu, huku kila aliyebaki nyumbani ameshakukatia tamaa, hilo linataka moyo wa aina yake. Kulagwa naye, tuliyemwita Best kwa kumlinganisha na yule George Best wa Manchester United, alistahili ulinganisho ule angalau kwa jioni ile moja. Raundi iliyofuata tulitolewa na Racca Rovers ya Nigeria, ikauma, lakini haikuifuta Lusaka. Mwaka huo huo, mwezi wa Agosti, Taifa Stars nayo ilikwenda Ndola, Peter Tino akasawazisha, ikawa moja moja, na Tanzania ikafuzu kwenda Lagos kwenye fainali za Afrika za 1980. Kwa hiyo mtu akiniambia kizazi kile kilikuwa cha mpira wa nyumbani tu, nampeleka Zambia mara mbili.

Vijana wananiomba video. Huku Bara televisheni ilikuja 1994. Kabla ya hapo tulikuwa na redio, magazeti na macho yetu, basi. Chenga za Kibadeni, mbio za Haidari Abeid tuliyemwita Muchacho, mapigo ya Adam Sabu, yote haya yamehifadhiwa na watu, na watu hao tunapungua kila mwaka. Ndiyo maana nikikuta kijana anabisha kwamba wa zamani hawakujua mpira, sikasiriki. Namkalisha, namsimulia mchezaji mmoja baada ya mwingine, alisimama wapi, alitumia mguu gani, alikuwa na kasoro gani, maana kasoro nazo zilikuwepo na kuzificha ni kuwadhulumu.

Kibadeni nilimwona tena kwenye siku kubwa mwaka 1993, safari hii akiwa kocha. Simba ilikuwa fainali ya Kombe la CAF dhidi ya Stella ya Abidjan. Kule Ivory Coast tulikuwa tumetoka suluhu. Mohamed Mwameja golini, Edward Chumila, Malota Soma, Hussein Marsha, George Masatu, kizazi kingine kizuri kabisa, na uwanja ule ule wa Taifa ulijaa tangu asubuhi. Tukafungwa mbili bila. Mashabiki walilia waziwazi, watu wazima na ndevu zao, na mimi nikiwemo. Walioniuma zaidi ni wale vijana wenyewe, kwa kuwa walikuwa wametufikisha mahali ambapo hata Lusaka haikutufikisha, na pale kwenye fainali hapakubaki mechi ya marudiano ya kwenda kulipa.