MKUMBI, BAKULI NALO HULIWA!

Msomaji, ushawahi kula chakula ukamalizia na bakuli? Wachina wa jimbo la Guangdong, kusini mwa nchi yao, wana kitu wanachokiita kiota. Viazi au magimbi hukatwa vijiti vyembamba, hunyunyiziwa wanga, hubanwa katikati ya pawa mbili zenye matundu, kisha huzamishwa kwenye mafuta moto mpaka vishikane kama kikapu. Ndani hutiwa kamba na ngisi waliokaangwa chapuchapu. Ukimaliza vilivyomo, unageukia kikapu chenyewe, kraa!

Sasa panda nami mpaka Mkumbi, wilayani Mbinga. Kamba wa baharini huku usiulize. Tena tangu Wilaya ya Nyasa imegwe kutoka Mbinga mwaka 2012, hata ufukwe wa ziwa umekwenda kwa jirani. Lakini usipa hawajui mipaka, wanapanda milima wakiwa wakavu ndani ya viroba. Bei ndiyo kasheshe. Wavuvi huwavuta usiku kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi iking'aa samaki hawakusanyiki, na huku juu fungu linasinyaa.

Kusema kweli bakuli la kuliwa si geni hapa. Tonge la ugali, dole gumba katikati, shimo hilo, chota mchuzi, meza. Kila mtoto ni fundi.

Ila mgeni akibisha hodi siku ya fungu dogo, mama mwenye nyumba huanza kumtazama kuku wake kwa huruma. Kiganja cha usipa kando ya ugali, mgeni ataona kabaniwa. Kiganja hichohicho ndani ya kiota cha viazi, na nyanya na kitunguu, ni karamu! Kuku anapona.

Pawa za Kichina huna? Tumia vichujio viwili vya waya mtupu. Vya plastiki vitayeyuka, shauri yako. Ukichagua magimbi yaive hasa, la sivyo koo litawasha na mgeni harudi tena. Rojo iwe nzito, uimimine watu wakiwa wameshanawa, maana kiota kikilowa ni uji tu.

Kinachouma ni mafuta, kwa sababu kiota kinataka kuzama, hakitaki kupakwa. Basi kaanga kiota kwanza, usipa wafuate katika mafuta yaleyale. Ukigeuza, viazi vyote vitanuka ziwa.