Kuvuna Zilizooza

Nimezaliwa Hombolo, Dodoma, kwa wakulima wa zabibu. Kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka, na kichala kikiota kuvu kinatupwa upesi kabla hakijaambukiza vingine. Nilipoolewa Ufaransa nikapata kibarua cha mavuno Sauternes, kusini mwa Bordeaux, na kazi yenyewe ikawa kutafuta zabibu zenye kuvu, za kutengenezea mvinyo.

Kuvu hiyo ni botrytis. Mto Ciron una maji ya baridi, nao unaingia mto Garonne wenye maji ya uvuguvugu. Ndiyo maana vuli ikifika, ukungu hutanda mashambani tangu alfajiri. Mchana jua linaufukuza. Unyevu wa asubuhi huotesha kuvu, jua huizuia isivuke mpaka. Kuvu inatoboa ganda la zabibu, maji yanakauka, sukari na uchachu vinabaki vimekolea. Mvua ikishika siku kadhaa, basi tena.

Msimamizi wangu wa kwanza, bibi mmoja wa Barsac asiyecheka ovyo, hakunipa mkasi mpaka nijue kunusa. “Nusa kwanza, binti.” Punje njema imesinyaa, ina rangi ya kahawia iliyoiva na manyoya ya kijivu, na harufu yake ni ya matunda yaliyopikwa. Ikinuka siki, iache ianguke chini. Mara nyingi hatukukata kichala kizima. Tulitoa punje zilizo tayari, zilizobaki tukazirudia baada ya siku kadhaa, safu ileile, kuanzia Septemba hadi Novemba pengine. Mikasi ilinata, nyigu walitufuata hadi kwenye chakula.

Nilimweleza baba kwa simu. Akauliza, “Na watu wananunua?” Wananunua, baba: chupa moja ya Château d'Yquem, mojawapo ya mashamba ya Sauternes, ni bei ya ng'ombe. Inasemekana mzabibu mmoja pale hutoa glasi moja tu. Hata kwa mashamba ya kawaida sheria ya Sauternes inaweka ukomo wa lita 2,500 kwa hekta, na wengi hawafiki huko.

Baadaye nilikabidhiwa kundi langu la wavunaji. Mwaka 2012 mvua ilituchosha kweli. Hata Yquem, walioorodheshwa peke yao daraja la juu kabisa la mvinyo wa Sauternes tangu 1855, walitangaza hawatatoa mvinyo wa mwaka huo. Niliwaheshimu kwa hilo kuliko kwa bei yao.

Mvinyo wa Sauternes Wafaransa huunywa na maini ya bata wakati wa Krismasi, kisha wanausahau mwaka mzima. Mimi naona wanakosea. Uweke kwenye baridi, uulete na jibini ya Roquefort, au korosho za Mtwara zilizokaangwa na chumvi. Vijana wa kundi langu walizoea kunicheka mpaka walipozionja; siku hizi nikirudi kutoka likizo, mzigo wa kwanza wanaoufungua ni ule wa korosho.