Mtungi wa Ikombe

Wanawake wa Kikisi wa Ikombe hufinyanga mitungi bila gurudumu, ikavushwa kwa mitumbwi hadi soko la Matema. Maji ya mtungi hupoa kwa kuwa udongo hutoka jasho. Basi hupungua, na sharti mtu ayajaze. Huko Scottsdale, Marekani, watumishi wa Alcor hutunza mitungi ya chuma yenye maiti waliopinduliwa vichwa chini, ili ikivuja, kichwa kiyeyuke mwisho. Nitrojeni ya maji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, nayo hupungua. Elimu yao ina majina marefu. Kazi yao isiyokoma ni ile ya binti wa Ikombe, kupima na kujaza. Kule Chatsworth, katika miaka ya 1970, kujaza kulikoma, na maiti wakaoza. James Bedford, aliyegandishwa mwaka 1967, huangaliwa leo na watumishi ambao baadhi yao hawakuwa wamezaliwa alipokufa.