Gari la Rimoti kwa Vijana Wetu: Tuketi Kwanza Tuhesabu



Je, ni haki kwa mama Mkristo kutoa fedha za mahindi na kununua gari la kuchezea? Swali hili tumeulizwa na wenzetu zaidi ya mara moja, wengine wakicheka, wengine wakitushangaa. Tumeona vema tulijibu hapa, kwa sababu si swali la gari tu. Ni swali la malezi ya wavulana na wasichana wetu katika umri ule ambao si watoto tena, wala hawajawa watu wazima.

Sisi ni mawifi wawili. Mmoja wetu ameolewa Handeni, na mwingine, dada wa mumewe, anaishi Korogwe. Kati yetu kuna kilomita zipatazo 65. Kwa pamoja tuna watoto watano, na watatu kati yao wana umri wa miaka 11 hadi 14.

Jambo lililotusukuma

Kijana wa Handeni alianza kuchelewa kila alipotumwa dukani. Chenji nayo ikawa inapungua: leo shilingi 200, kesho 400. Ikajulikana kwamba zilikuwa zinaingia katika mashine ya kamari, zile za kutumbukiza sarafu ambazo zimesogezwa mpaka karibu na makazi ya watu. Baba yake alimwadhibu. Chenji ikarudi kamili, lakini kijana akanyamaza. Alikula, alioga, alisali pamoja na wenzake, ila hakuzungumza. Akina mama mnajua kwamba ukimya wa namna hiyo unatisha kuliko ukorofi.

Likizo ilipofika alikwenda Korogwe kwa shangazi yake. Huko aliketi siku mbili chini ya mwembe na binamu zake wakitengeneza gari la waya. Matairi waliyakata kwenye ndala zilizokatika, usukani wakauunganisha na fimbo ndefu, na chini wakaweka springi walizozikunja wenyewe. Siku hizo mbili aliongea kuliko miezi miwili iliyotangulia.

Jioni ile tulipigiana simu.

"Wifi, mtoto huyu ana mikono. Tukimnyang'anya sarafu bila kumpa kitu cha kushika, atatafuta nyingine."

"Ni kweli wifi, lakini gari la rimoti ni magunia mangapi ya mahindi?"

"Ndiyo maana nasema tuketi tuhesabu."

Katika Luka sura ya 14, Bwana Yesu alisema habari za mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba hana budi kupiga hesabu kabla ya kuweka msingi, asije akaishia njiani watu wakamcheka. Alikuwa anafundisha juu ya kumfuata yeye, jambo kubwa kuliko gari. Hata hivyo hekima hiyo inafaa katika kila matumizi ya nyumbani. Tulikubaliana tusizidishe shilingi laki tatu na nusu kwa nyumba zote mbili. Watoto walitakiwa kuchangia, nao wakaleta elfu arobaini kutokana na mayai na kuku wao. Tulikubaliana pia kwamba tutanunua gari moja tu, wala si mawili.

Magari ya rimoti ni ya aina mbili

Aina ya kwanza ni yale yanayouzwa pamoja na midoli. Yanang'aa, yana taa na muziki, na bei yake inavutia. Ndugu mmoja aliwahi kuwaletea watoto wetu gari la aina hiyo kutoka mjini. Siku ya nne lilizimika. Tulipolipindua tukakuta limegandishwa kwa gundi, halina skrubu ya kufungua wala duka la kuuliza kipuri. Watoto walililia jioni moja, kisha likatupwa.

Aina ya pili ni magari yanayotengenezwa kwa ajili ya wapenzi wa mchezo huu. Linaloanzisha wengi ni lile liitwalo bagi: gari la chini, lenye matairi ya meno yaliyotoka nje ya bodi, shokapu ndefu, na umbo la magari ya kukimbia mchangani. Kila kitu ndani yake kimefungwa kwa skrubu. Mota inatoka, gia zinatoka, difu inafunguka, mikono inayoshika matairi inabadilishwa, na kila kipuri kina namba yake ya kuagizia. Tofauti ya aina hizi mbili haiko kwenye kasi. Iko kwenye siku gari litakapovunjika, maana litavunjika tu. Siku hiyo la kwanza linamfundisha mtoto kutupa, na la pili linamfundisha kutengeneza.

Kwa hiyo swali letu la kwanza halikuwa "Linakimbia kiasi gani?" Tuliuliza, "Vipuri vyake vinapatikana?" Wazee wetu wanaokumbuka mashindano ya Safari wataelewa. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika 7 tu. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakafika 7 tena. Miaka yote hiyo miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404 yake, gari la kawaida ambalo familia nyingi zilikuwa nalo. Kwenye barabara za kwetu, la kwanza kuangalia ni kama gari litafika.

Mawili tuliyoyalinganisha

La kwanza lilikuwa Grasshopper la kampuni ya Tamiya ya Japani. Lilitoka mwaka 1984, likarudishwa sokoni mwaka 2005. Kipimo chake ni 1 kwa 10, yaani kila sentimita moja yake ni sentimita kumi za gari kamili, na linaendeshwa na matairi mawili ya nyuma. Linauzwa likiwa vipande vipande ndani ya boksi, na mtoto analiunda mwenyewe kwa kufuata michoro. Hilo lilitupendeza sana. Lakini kwa kawaida rimoti, betri na chaja vinanunuliwa kando, na tulipojumlisha yote tukavuka mpaka wetu.

La pili lilikuwa WLtoys 144001 kutoka China. Kipimo chake ni 1 kwa 14, urefu wake karibu na rula ya shuleni. Lina chasisi ya chuma chepesi, linavutwa na matairi yote manne, na linakuja likiwa kamili pamoja na rimoti, betri na chaja. Vipuri vyake ni vingi na bei yake ni ya chini. Tukaagiza hilo. Theluthi moja ya fedha hatukuigusa kwa ajili ya gari lenyewe: tulinunua betri ya pili, mikono miwili ya matairi ya mbele, seti ya gia, na bisibisi nzuri. Mama anayemaliza fedha zote kwenye gari hajanunua gari, amenunua machozi ya mwezi ujao.

Mwenye nafasi ya kununua magari mawili aangalie pia masafa ya rimoti. Rimoti za zamani za megahezi 27 huingiliana, ukigeuza lako na la jirani linageuka. Za gigahezi 2.4 kila moja hufungwa na gari lake, nazo hazigombani.

Kujiburudisha au kushindana?

Akina mama wengi watanunua kwa ajili ya kucheza tu, nayo ni sababu ya kutosha. Kwa kucheza, la matairi manne linafaa, maana linashika ardhi hata kwenye udongo uliolegea. La matairi mawili huteleza nyuma na kuzunguka, ila lina vyuma vichache vya kuharibika, na wanaojifunza kushindana husema linamfundisha mtu utulivu wa mkono. Huko nje mashindano haya ni jambo zito. Ya dunia kwa mabagi ya umeme ya kipimo cha 1 kwa 10 yalifanyika Del Mar, California, mwaka 1985, na kwa kawaida kila mbio ni kama dakika tano tu.

Sisi tuna gari moja, kwa hiyo tunashindana na saa. Watoto walipanga njia kwa matairi ya baiskeli, ndoo na mabua ya mahindi, na kila mmoja hupewa dakika tano, wenzake wakihesabu mizunguko. Kanuni ni moja isiyovunjwa: hakuna kuwekeana dau, hata la soda. Mnajua kwa nini. Na mshindi wa mara nyingi ni binti wa Korogwe mwenye miaka 11, kwa sababu kaka zake wanaingia kwenye kona kwa mwendo wote, na yeye hupunguza kabla ya kona. Asiwepo basi mama atakayedhani ununuzi huu ni wa wavulana peke yao.

Betri ina hatari zake

Hapa tunaomba msome kwa makini. Betri za haidraidi ni za volti 7.2, ni nzito kidogo, lakini zinavumilia makosa ya mtoto. Betri za lithiamu, kama hii yetu ya volti 7.4, ni nyepesi na zina nguvu, ila zikichajiwa vibaya au zikitobolewa huweza kuwaka moto. Nyumbani kwetu chaja inakaa kwenye sakafu ya saruji, mbali na mkeka, godoro na pazia. Betri haichajiwi usiku watu wamelala, wala nyumba ikiwa haina mtu mzima. Inapotoka mchezoni inaachwa ipoe kwanza. Ikivimba haitumiki tena, hata kama bado inawasha gari.

Betri moja inatosha mchezo wa dakika kama kumi, kisha inachajiwa kwa saa mbili au tatu. Mwanzoni watoto walinung'unika. Sasa muda huo ndio wa kuchota maji, kufanya hesabu za shule, na kusafisha gari.

Tena gari hili si jepesi kama linavyoonekana. Watengenezaji wanatangaza kasi ya hadi kilomita 60 kwa saa, na likimgonga mtoto mchanga mguuni litamwumiza. Kwa hiyo haliendeshwi barabarani, wala penye watoto wadogo na vifaranga. Anayejifunza hubonyeza nusu tu mpaka mkono uzoee.

Udongo wa kwetu

Vumbi jekundu la Handeni wakati wa kiangazi huingia kila mahali. Likichanganyika na grisi kwenye gia linakuwa kama msasa, linakula meno. Kila baada ya mchezo watoto hupangusa kwa brashi ya rangi iliyo kavu; hawaoshi kwa maji, kwani beringi zitapata kutu. Korogwe adui ni mwingine. Nyuzi za mkonge na majani makavu hujizungusha kwenye ekseli karibu na matairi mpaka mota inachemka. Dawa yake ni kuvua tairi na kuzitoa kwa kibanio. Gari likianza kunuka kama waya unaoungua, mchezo unakoma hapo hapo.

Gari hukaa likizo moja Handeni, nyingine Korogwe, likisafiri kwa basi ndani ya boksi lake pamoja na daftari. Katika daftari hilo kila mtoto huandika kilichovunjika, kilichobadilishwa, na aliyekibadilisha.

Tulichokipata

Wiki ya tatu gari liligonga kisiki, mkono wa tairi ya mbele ukakatika. Kijana wa Handeni alichukua kipuri na bisibisi, akaenda moja kwa moja kwa baba yake aliyekuwa ameketi barazani. Hakumwomba amtengenezee, alimwomba amshikie taa. Walikaa hapo hadi usiku, kwa sababu kulikuwa na skrubu ndogo sana na macho ya baba si ya zamani. Mama yao alikuwa jikoni akiosha vyombo, akasikia sauti ya mwanawe. Alikuwa anamweleza baba yake habari za ile mashine: nani alimpeleka mara ya kwanza, aliliwa kiasi gani, na kwamba siku moja alishinda shilingi 2,000 akashindwa kulala. Baba hakugombeza. Alisema tu, "Shika vizuri hapo, nikaze."

Hatuwaambii kwamba gari limemwokoa mtoto. Wokovu ni wa Bwana, na mashine ile bado iko pale pale, kijana wetu anaipita kila siku. Tunachosema ni kwamba mikono inapokuwa na kazi, mdomo hufunguka, na baba na mwana waliokuwa wanaonana kwa amri tu walipata kitu cha kuinamia pamoja. Si lazima kiwe gari la rimoti. Nyumba isiyo na uwezo huo ina waya, ndala kuukuu na mwembe, na hivyo havina bei.

Nabii Zakaria, alipoonyeshwa Yerusalemu yenye amani, aliona wazee wameketi na fimbo zao, na katika mitaa hiyo hiyo watoto wa kike na wa kiume wanacheza. Kwa hiyo, wapendwa, tusione haya kuhesabu mchezo wa watoto katika bajeti ya nyumba, baada ya ada, chakula na sadaka. Ila tuhesabu kweli, tuchague kinachofunguka na kutengenezeka, na tuketi nao kinapovunjika.

Mungu azibariki nyumba zenu na vijana wenu.