"Roja" Haitoshi

Najua nimeadimika humu, na sababu siyo mitihani kama mnavyodhani. Nimekuwa narusha ndege. Msicheke kwanza.

Aliyenianzisha ni rumeti wangu. Alinionyesha FlightGear, programu ya kuigiza urubani, ya bure kabisa, ambayo watu wanaojitolea wamekuwa wakiitengeneza tangu 1997. Laptopu yangu ya kizee, feni inalia kama mashine ya kusaga, lakini kandege ka Cessna 172 kalipaa. Nikaruka peke yangu wiki nzima, nikatumbukia Bahari ya Hindi mara sijui ngapi, halafu nikachoka. Anga tupu inachosha jamani. Ndipo rumeti akaniambia, "Jiunge VATSIM, huko kuna watu."

VATSIM ni mtandao ulioanzishwa 2001. Watu wa kila kona ya dunia wanaunganisha programu zao: huyu rubani, yule anakaa mbele ya rada kuongoza ndege, na wanaongea kwa sauti kama redioni kwenyewe. Ada hakuna. Kuna mtihani mfupi wa kuingilia, na kanuni zake siyo za mchezo. Kwa mfano kujifanya ndege yako imetekwa ni marufuku. Mtihani nilifaulu (nilisoma kweli, sikudesa). Tatizo likawa mdomo.

Redioni ni Kiingereza. Mimi Kiingereza cha kuandika nakimudu vizuri tu, ila niambie nisimame nikiongee, ulimi unakuwa jiwe. Muhula huu kwenye zoezi la kufundisha mbele ya wenzangu nilitetemeka mpaka chaki ikakatika mkononi. Bahati nzuri, au mbaya, VATSIM wanaruhusu kuandika badala ya kuongea. Nikajificha humo wiki tatu. Na kwa kuwa jioni nyingi nilikuta anga yetu haina mwongozaji, nilikuwa natangaza tu mahali nilipo kwenye masafa ya wote, 122.800, kwa maandishi, mambo yanaisha.

Sasa Jumamosi moja usiku Dar ikawa na mwongozaji. Nimeegesha Cessna yangu uwanjani, nataka kwenda Zanzibar, maili 40 hivi za angani. Rumeti akasimama nyuma yangu: "Leo unaongea, la sivyo nazima laptopu." Nikabonyeza kitufe.

Yule bwana akanipa maelekezo mfululizo: njia ya kurukia, urefu wa kupanda, kipimo cha hewa, namba nne za transponda. Mimi nikajibu kwa kujiamini: "Roja."

Kimya. Halafu akasema taratibu, nisomee nilichokuambia.

Nikasoma, namba mbili za transponda nikazigeuza. Hakucheka. Akasahihisha, akanitaka nirudie. Nikakosea urefu. Akasahihisha tena. Mara ya tatu akasema sahihi, na mimi jasho linanitoka kama nimetoka kubeba magunia. Zanzibar nilifika, nikatua njia namba 36 kwa kudundadunda kama mpira, lakini moyoni nimekasirika. Kwani haniamini?

Kesho yake nikakaa kwenye kimbweta na bando langu la mwisho kutafuta kwa nini wanasisitiza hivyo. Nikakutana na habari ya Tenerife. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye ukungu, Boeing 747 mbili, ya KLM na ya Pan Am, ziligongana juu ya njia ya kurukia. Watu 583 walikufa. KLM walikuwa wamepewa maelezo ya njia ya kufuata wakishapaa, siyo ruhusa ya kupaa. Walipojibu kwa maneno yasiyoeleweka vizuri, mnara ukaanza na neno la "sawa", ukaendelea kuwaambia wasubiri. Ila Pan Am nao waliongea sekunde hiyohiyo, na maneno ya muhimu yakamezwa na mluzi wa redio. KLM wakaendelea kukimbia. Baada ya hapo taratibu zikakazwa: maelekezo ya muhimu yanarudiwa yote, "roja" peke yake haitoshi.

Nilipofika kwenye lile neno "sawa" nikafunga laptopu. Mnakumbuka zoezi langu la kufundisha? Mwalimu aliyenisimamia aliandika pembeni ya karatasi: "Umeuliza 'mmeelewa?' mara 11." Nilidhani ananisifia! Na mara zote 11 darasa lilijibu "ndiyooo", nami nikasonga mbele.

Alhamisi iliyopita ilikuwa zamu yangu tena, jiografia, longitudo na saa. Mkono ulitetemeka kama kawaida. Nikaeleza kwamba kila nyuzi 15 ni saa moja, nikachora mistari yangu ubaoni. "Mmeelewa?" lilikuwa limeshafika kwenye meno, nikalimeza. Nikamwomba jamaa mmoja wa dawati la nyuma aniambie nilichosema. Akasimama, akaeleza kwa uhakika kabisa kwamba ukienda mashariki unapunguza saa.

Nikataka kumsahihisha. Nikageuka ubaoni ili nimwonyeshe kosa lake... mshale wangu mwenyewe nilikuwa nimeuchora kinyume. Jamaa amerudia sawasawa kile nilichomfundisha! Darasa zima kimya, wameshaandika kwenye daftari zao. Nikafuta, nikachora upya, nikamwomba arudie, na wa pembeni yake naye arudie. Muda ukaniishia kabla sijamaliza mada, na maksi za muda nimekatwa.

Haya, ngoja niishie hapa, betri inasoma asilimia 9. Jumamosi nikibahatika kupata mwongozaji nitajaribu Dar hadi KIA, kwa sauti. Rumeti kasema safari hii yeye anakwenda kula, nibaki na redio peke yangu.